Kupita Si Kufika: Safari Kumi za Mfumo wa Jua, Kuanzia Fupi Hadi Ndefu

Mtoto akikuuliza kufika Mirihi ni muda gani, usikimbilie kujibu. Muulize kwanza: "Unataka kushuka, au unataka kupita tu?" Jibu lote limelala ndani ya swali hilo. Angani hakuna mlima, hakuna matuta, hakuna foleni, na chombo kikishapata mwendo huenda nao bila kuchoma tone la mafuta. Taabu iko kwenye kusimama. Hakuna lami ya kushika tairi, na mara nyingi hakuna hewa ya kukukwaruza, kwa hiyo mwendo unaoupunguza unaupunguza kwa mafuta uliyoyabeba kutoka nyumbani.

Ndiyo maana orodha hii haifuati ile tuliyoikariri darasani. Nimepanga safari kwa muda, si kwa umbali. Mahali ambapo chombo kimewahi kusimama, nimehesabu mpaka kiliposimama; ambapo hakijasimama hata kimoja, nimehesabu mpaka kilipopita. Utamkuta jirani yuko mbali na wa mbali yuko karibu. Abiria wote ndani? Twende, tunahesabu kurudi nyuma.

10. Mwezi: siku 3

Apollo 11 iliruka kutoka Florida tarehe 16 Julai 1969, na tarehe 19 Neil Armstrong, Buzz Aldrin na Michael Collins walikuwa tayari wanauzunguka Mwezi. Ni saa 76 hivi kwa kilomita zipatazo 384,000. Basi la kilomita 100 kwa saa, lisilosimama hata kwa chakula, lingechukua siku 160, na hapo sijahesabu abiria wa kuchimba dawa.

Lakini tazama. Mwaka 2006 chombo kiitwacho New Horizons kiliukata umbali huohuo kwa saa 9. Na Septemba 2003 Shirika la Anga la Ulaya lilirusha SMART-1, chombo chenye injini ya umeme inayopuliza gesi ya zenoni kwa nguvu isiyozidi uzito wa kadi ya posta kiganjani. Hicho kilianza kuuzunguka Mwezi Novemba 2004. Saa 9, siku 3, miezi 13 na ushee, na kituo ni kilekile! Wa saa 9 hakuwa na nia ya kushuka. Alikuwa basi la moja kwa moja linalokuachia vumbi kituoni. Wa miezi 13 aliondoka na kilo 82 tu za gesi, akaingia kwa upole wa mtu anayeegesha gari jipya.

Shika hiyo picha, maana itarudi.

9. Zuhura: siku 153

Ile nyota kali ya jioni unayoiona magharibi kabla nyingine hazijajitokeza si nyota, ni Zuhura, jirani yetu wa karibu kuliko sayari zote anapotukaribia. Venus Express ya Ulaya iliondoka tarehe 9 Novemba 2005, ikafunga breki huko tarehe 11 Aprili 2006. Mariner 2 ya Marekani ilitumia siku 109 mwaka 1962, ikawa chombo cha kwanza kufanikiwa kuipima sayari nyingine kwa karibu, ila ilipita umbali wa kilomita kama 35,000 na kuendelea zake. Huyo alipunga mkono dirishani.

Ninayempenda zaidi kwenye njia hii ni Akatsuki wa Japani, jina lenye maana ya alfajiri. Aliondoka Mei 2010, akafika Desemba mwaka huohuo, na dakika ileile ya kufunga breki injini kubwa ikaharibika. Unaijua daladala iliyopitiliza kituo chako ukiwa umesimama mlangoni, umeshika mfuko wa nyanya? Ukipitilizwa, unateremka kituo cha mbele na kurudi kwa miguu. Akatsuki hakuwa na kituo cha mbele. Ikabidi alizunguke Jua, miaka mitano, mpaka njia yake na ya Zuhura zikutane tena. Wahandisi hawakumfuta kwenye vitabu. Tarehe 7 Desemba 2015 waliwasha vipulizi vidogo vilivyotengenezwa kwa ajili ya kugeuza mkao wake tu, wakavichoma dakika 20, na Akatsuki akashikwa na Zuhura. Kituo kilekile, miaka mitano na nusu baada ya kuondoka nyumbani. Konda mwingine angekuwa ameshalala.

8. Mirihi: siku 203

Februari 2021 Mirihi ilipata wageni watatu ndani ya siku kumi. Al-Amal wa Umoja wa Falme za Kiarabu alifika tarehe 9, Tianwen-1 wa China tarehe 10, na gari la Marekani, Perseverance, likatua tarehe 18 baada ya siku 203 na kilomita milioni 471. Hawakupanga harusi. Wote waliondoka Julai 2020 kwa sababu njia nafuu ya Mirihi hufunguka mara moja kila miezi 26, Dunia na Mirihi zinapokaa vizuri.

Jambo hilo mtu wa Pwani haelezwi mara mbili. Mababu walikwenda Maskati kwa kusi na kurudi kwa kaskazi, na jahazi lililochelewa upepo lilisubiri msimu mwingine, nahodha akicheza bao. Kwa Mirihi ni vivyo hivyo kasoro bao: ukichelewa, subiri miaka miwili na ushee. Na ukifika, kurudi nako kuna msimu wake, ndiyo maana safari ya binadamu kwenda na kurudi huhesabiwa kuwa miaka miwili na nusu hadi mitatu, sehemu kubwa ikiwa ni kukaa huko kungoja Dunia ikae sawa.

Breki? Al-Amal aliwasha vipulizi kwa dakika 27 mfululizo, akala karibu nusu ya mafuta yake yote, kutoka kilomita 121,000 kwa saa hadi 18,000. Nusu ya tangi kwa ajili ya kusimama! Mwenye bajaji akisikia hivyo atauza bajaji.

7. Mshtarii: miaka 5 kasoro mwezi

Chombo cha Juno kiliondoka Agosti 2011 kikafika Julai 2016. Ajabu yake ni kwamba Oktoba 2013 kilirudi hadi Duniani. Mtu angedhani kimesahau simu. Kilirudi kuchukua mwendo: ukipita karibu na sayari inayokimbia, nguvu yake ya uvutano inakushika, inakupinda na kukurusha kama jiwe la manati, na wewe unaondoka na mwendo uliouazima kwake bila kuchoma mafuta. Sayari nayo inapoteza chembe ya mwendo wake, ndogo kiasi kwamba haitakudai.

New Horizons ilifika Mshtarii kwa miezi 13 tu, lakini unajua tayari kwa nini: haikushuka.

Na sasa kuna mashindano barabarani. JUICE ya Ulaya iliondoka Aprili 2023, Europa Clipper ya Marekani ikaondoka Oktoba 2024. Clipper inatarajiwa Aprili 2030, JUICE Julai 2031. Aliyetangulia kituoni atafika wa pili, kwa sababu mwenzake alipakiwa kwenye roketi yenye nguvu zaidi na anapitia manati chache.

6. Utaridi: miaka 6 na miezi 7 na nusu

Hapa ndipo darasani wanapokataa. Utaridi akiwa karibu yuko kilomita milioni 77 kutoka kwetu. Mshtarii, hata akijisogeza kabisa, yuko karibu milioni 600. Halafu unaniambia Utaridi ni safari ndefu zaidi?

Ndiyo, na sababu nzima ni breki. Kwenda kwa Utaridi ni kuteremka kuelekea kwenye Jua, na Jua linavuta. Dereva wa lori aliyeteremka mlima wa Kitonga na mzigo wa saruji anajua kwamba kupanda kunachosha injini lakini kuteremka ndiko kunakoua. Kila unaposhuka unaongeza kasi, na chini hakuna hewa ya maana ya kufungulia parachuti, kwa kuwa Utaridi karibu hana angahewa. Kumpita ni rahisi: Mariner 10 ilifanya hivyo kwa miezi mitano kasoro kidogo, kuanzia Novemba 1973 hadi Machi 1974, ikisaidiwa na Zuhura njiani.

Kusimama ni habari nyingine. MESSENGER iliondoka tarehe 3 Agosti 2004, na zaidi ya nusu ya uzito wake ulikuwa mafuta. Hata hayo hayakutosha peke yake, kwa hiyo ikatumia manati kinyume, kwa kupunguza mwendo: ikapita Dunia mara moja, Zuhura mara mbili, Utaridi mwenyewe mara tatu, ikilizunguka Jua mara 15. Ilianza kumzunguka Utaridi tarehe 18 Machi 2011, baada ya kilomita bilioni 7.9. Kilomita hizo zingekufikisha Pluto na chenji ukabaki nayo.

BepiColombo, cha Ulaya na Japani, kina subira kubwa zaidi. Kiliondoka Oktoba 2018 na kimepangiwa kuingia Novemba 2026, miaka minane, baada ya kupita Dunia mara moja, Zuhura mara mbili na Utaridi mara sita. Mara sita amepita mbele ya nyumba ya mwenyeji! Jirani angeshauliza, "Wewe kijana, unamtafuta nani?" Jina lake ni la Giuseppe Colombo, aliyeitwa Bepi, mwanahisabati wa Padua ambaye ndiye aliyewaonyesha Wamarekani kwamba Mariner 10 ingeweza kurudi kwa Utaridi tena na tena. Chombo cha mtu huyo kinastahili kurudi mara sita.

5. Zohali: miaka 6 na miezi 8 na nusu

Ona pengo lilivyo dogo. Utaridi na Zohali wamepishana mwezi mmoja, na Zohali yuko mbali zaidi ya mara kumi na tano.

Cassini ilikuwa na uzito wa zaidi ya tani 5, na hakukuwa na roketi ya kuirusha moja kwa moja. Ikaomba lifti kwa jamaa wote: Zuhura Aprili 1998, Zuhura tena Juni 1999, Dunia Agosti 1999, Mshtarii Desemba 2000. Ilifunga breki kwa Zohali mwanzoni mwa Julai 2004, na tarehe 14 Januari 2005 mtoto wake, Huygens, akashuka kwa parachuti dakika zaidi ya 140 hadi kwenye uso wa Titani. Huko hewa ipo, nzito kuliko yetu, na parachuti inafanya kazi kwa raha. Hakuna chombo kilichotua mbali kuliko hapo. Voyager 1 ilikuwa imefika kwa Zohali kwa miaka mitatu na miezi miwili, mwaka 1980, lakini Voyager 1 haikushuka.

4. Uranusi: miaka 8 na nusu

Voyager 2 ilipita tarehe 24 Januari 1986. Haijaenda nyingine, na hiyo inaniuma. Mwaka 2022 wanasayansi wa Marekani waliweka safari ya kumzunguka Uranusi kuwa ya kwanza katika mapendekezo yao ya vyombo vikubwa. Ingechukua miaka kama 13, kwa sababu safari hii wanataka kushuka. Waende. Aliyeonekana mara moja, kwa saa chache, bado ni mgeni.

3. Pluto: miaka 9 na nusu

New Horizons iliondoka tarehe 19 Januari 2006 ikimfuata Pluto, sayari ya tisa. Agosti mwaka huohuo wanaastronomia wakakutana Prague wakaamua kwamba Pluto si sayari kamili. Chombo kiko njiani, hakiwezi kugeuza, na mwenyeji amebadilishiwa cheo! Kikaendelea, na kilifanya vizuri.

Kiliondoka kwa mwendo wa kilomita kama 58,000 kwa saa. Kwa mwendo huo Mombasa hadi Nairobi ni nusu dakika. Utingo hajamaliza hata kudai nauli. Manati ya Mshtarii ya Februari 2007 ikaongeza mwendo na kupunguza safari kwa miaka mitatu. Kisha kikalazwa. Katika miaka ile chombo kililala jumla ya siku 1,873, kwa vipindi 18, ili kisichakae. Ndani yake kilibeba majivu kidogo ya Clyde Tombaugh, mtu aliyemgundua Pluto mwaka 1930. Amekwenda kumwona.

Tarehe 14 Julai 2015 kilipita kilomita 12,500 juu ya Pluto, kwa karibu kilomita 50,000 kwa saa. Miaka tisa na nusu ya kwenda, na picha za karibu kabisa zikapigwa kwa muda wa saa chache, kwa kuwa hakikuwa na mafuta ya kusimamia, na kama kingebebeshwa kisingeondoka na kasi ile. Kiliuona moyo mweupe wa barafu ya nitrojeni, milima ya barafu ya maji, anga ya buluu hafifu. Kutuma yote hayo nyumbani kulichukua hadi Oktoba 2016, kwa intaneti ya polepole ambayo hata sisi tungeilalamikia.

2. Neptuni: miaka 12

Neptuni yuko karibu kuliko Pluto kwa wastani, lakini amechukua muda zaidi, maana Voyager 2 alipitia kwa ndugu zake wote. Aliondoka tarehe 20 Agosti 1977, mwaka ambao Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ilivunjika, akafika tarehe 25 Agosti 1989. Mtoto aliyezaliwa siku ya kuondoka alikuwa na miaka 12.

Kilichomwezesha Voyager 2 ni foleni, ya aina njema. Mwaka 1965 mwanafunzi aitwaye Gary Flandro, akifanya kazi katika maabara ya JPL huko California, alikokotoa kwamba mwishoni mwa miaka ya 1970 Mshtarii, Zohali, Uranusi na Neptuni wangekaa upande mmoja wa Jua, kwa mpangilio ambao kila mmoja angemrusha mgeni kwa mwenzake. Mpangilio huo huja kila baada ya miaka 176 hivi. Mara ya nyuma ilikuwa karibu na mwaka 1800, roketi hakuna, na Neptuni mwenyewe hajagunduliwa. Bila manati hizo, safari ingekuwa miaka kama 30. Basi la kilomita 100 kwa saa lingehitaji miaka zaidi ya 5,000. Lililoondoka Misri kabla ya piramidi lingekuwa bado linakaribia.

Fikiria: binadamu walikuwa na nafasi moja katika karne mbili, wakaitambua miaka 12 kabla, wakawahi kituoni. Sijui kisa kingine cha kuwahi gari kinachonifurahisha hivyo.

1. Ukingo: miaka 35, au 300, au 30,000

Sasa abiria wanauliza, mwisho wa gari ni wapi? Na hapo wanagawanyika.

Ukisema mwisho ni sayari ya mwisho, umekwisha shuka, ni miaka 12. Nuru ya Jua, inayotufikia sisi kwa dakika 8, hufika huko kwa saa 4 na ushee.

Ukisema mwisho ni pale upepo wa Jua, ule mkondo wa chembe unaovuma kutoka kwake kwenda pande zote, unapozidiwa na gesi ya kati ya nyota, basi Voyager 1 alifika tarehe 25 Agosti 2012, siku 11 kabla ya kutimiza miaka 35 njiani, kilomita bilioni 18 kutoka nyumbani. Voyager 2 akamfuata Novemba 2018.

Lakini ukisema mwisho ni pale Jua linapoacha kukushika, andaa mtori wa njiani. Mbali kupita Pluto wanasayansi wanakadiria kuna wingu la Oort, vipande vya barafu visivyo na idadi vinavyolizunguka Jua polepole. Voyager 1, akikata kilomita 61,000 kwa saa, ataingia ukingo wake wa ndani baada ya miaka kama 300, na kutoka upande wa pili baada ya miaka kama 30,000. Mimi niko upande wa abiria hawa. Unapovutwa na Jua bado uko kwenu.

Ndani ya mizigo ya Voyager 1 kuna sahani ya shaba iliyopakwa dhahabu, yenye sauti za Dunia. Wamo wasichana wa Wambuti wa msitu wa Ituri, Kongo, wakiimba wimbo wa unyago. Zimo salamu kwa lugha 55. Kiganda kipo, Kinyanja kipo, Kiarabu kipo, Kigujarati kipo, hata Kireno kipo. Majirani zetu wa bandarini wote wamepanda gari. Kiswahili hakimo. Kila ninapoipitia orodha ile nakitafuta tena, kama jina la mtoto kwenye matokeo ya mtihani.

Ila kuna njia. Kufikia Novemba 2026 Voyager 1 atakuwa mbali nasi kwa siku moja nzima ya nuru. Miaka yake 49 ya mwendo, mawimbi ya redio yanaikata kwa saa 24. Tukipiga hodi kwa Kiswahili Jumatatu saa nne asubuhi, itamkuta Jumanne saa nne asubuhi, na chochote atakachotuma dakika hiyo kitatufikia Jumatano, chai ikiwa mezani.